Je, Wajua? Kutoka Mapinga, Makka na Yerusalemu ziko upande mmoja

Je, wajua kwamba ukisimama Mapinga, jirani ya Bagamoyo, ukaelekea Makka, kwa jicho tu umeelekea Yerusalemu pia? Makka iko kaskazini, mashariki kidogo. Yerusalemu kaskazini, magharibi kidogo. Zimeachana kwa chini ya digrii 10. Waislamu wa mwanzo waliswali wakielekea Yerusalemu, mpaka kibla kilipogeuzwa mwaka wa pili wa Hijra.

Sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, nalo hujengwa kwa kibla chake, Yerusalemu. Pale ambapo msikitini ungekuta mihrabu, humo utakuta kabati lenye pazia, na juu yake taa isiyozimwa. Ndani ya kabati mna magombo ya Torati: ngozi iliyoandikwa yote kwa mkono, ikaviringwa kwenye vijiti viwili na kuvishwa kitambaa. Anayesoma hafuatishi mistari kwa kidole, hutumia kijiti, ili jasho lisiguse wino. Kwa nje sinagogi halina umbo lake maalumu. Kila jamii imejenga kwa mtindo wa nchi ilikofikia, na wapita njia wengi hulipita bila kulijua.

Nairobi, jiwe la msingi la sinagogi liliwekwa mwaka 1912 na Gavana Percy Girouard, na jengo la sasa ni la miaka ya 1950. Kabla ya hapo, mwaka 1903, Waingereza walikuwa wamependekeza kuwapa Wayahudi waliokimbia mauaji ya Urusi ardhi ya Uasin Gishu. Mpango ule unaitwa wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ni Kenya ya leo. Wajumbe wa Wayahudi waliukataa mwaka 1905.

Lubumbashi, mji wa Kiswahili wa Katanga, Kongo, sinagogi lilijengwa na wahamiaji wa kisiwa cha Rhodes, waliozungumza Kihispania cha mababu zao waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Ndugu zao waliobaki kisiwani walipelekwa Auschwitz mwaka 1944. Wachache mno walirudi. Safari ya kutafuta riziki Katanga ndiyo iliyowaokoa wenzao, nao hawakujua wakati wanapanda meli.

Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda, si wahamiaji kabisa. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, aliishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 kwa kuisoma Biblia mwenyewe, na wafuasi wake waliendelea kusali kwa siri Idi Amin alipoipiga marufuku.

Na Bagamoyo, jirani ya Mapinga? Tarehe 4 Desemba 1889 aliingia mjini Emin Pasha pamoja na mpelelezi Stanley. Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, mtoto wa familia ya Kiyahudi ya Silesia, aliyebatizwa angali mdogo. Macho yake yalikuwa mabovu sana. Usiku ule, kwenye karamu, alianguka kutoka ghorofani, akapasuka kichwa, akalazwa Bagamoyo kwa wiki kadhaa. Alipopona hakupanda meli ya Ulaya. Mwaka 1890 alishika tena njia ya bara, na mwaka 1892 akauawa Kongo.