Kwa baiskeli hadi Ngao: upepo, matope na ruhusa ya wenyeji

Vijana wengi wa Mombasa, Kilifi na Malindi siku hizi wanapenda kutembea kwa baiskeli. Ukiwauliza waende wapi, watakutajia Shimba Hills kwa sababu ya vilima, au Arabuko-Sokoke kwa sababu ya msitu. Ni wachache watakaokutajia Ngao, katika delta ya Mto Tana. Wanadhani ni tambarare tupu, tena mbali, tena hakuna usalama. Katika hayo matatu lipo la kweli na lipo la kusikia tu. Makala hii inaeleza njia ilivyo, wakati wa kwenda, na jambo moja ambalo mgeni asipolijua ni afadhali abaki kwao.

Tuanze na vilima: havipo. Kutoka Malindi hadi Ngao ni karibu kilomita 100, na sehemu kubwa ni bapa kama sinia. Lakini mwendesha baiskeli asifurahi mapema. Mlima wa huku ni upepo.

Upepo kwanza, safari baadaye

Barabara ya Malindi kwenda Garsen inaelekea kaskazini. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi kama Septemba, upepo unakusukuma mgongoni. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, unakupiga usoni mchana kutwa, na jua nalo ni kali. Manahodha wetu walipanga safari zao kwa hesabu hiyo hiyo, na mwenye baiskeli hana budi kuifuata.

Ila kusi ina masika ndani yake. Aprili na Mei mvua hunyesha, na maji ya bara hushuka na mto. Mwaka 2018 na tena 2024 mafuriko yaliwahamisha watu wengi Tana River. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilikata barabara, magari yakakwama pande zote mbili. Kwa hiyo miezi mizuri ni Julai, Agosti na Septemba: ardhi imekauka, jua limepoa kidogo, na upepo uko nyuma yako. Kurudi, panda basi na baiskeli uiweke kwenye buti. Si aibu.

Njia yenyewe

Ondoka Malindi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Muda si mrefu utavuka daraja la Sabaki, kisha Mambrui, mji wa kale wenye kaburi la nguzo lililopambwa kwa vyombo vya Kichina. Baada ya hapo ni Gongoni, ambako utaona mashamba ya chumvi yakimetameta upande wa bahari, halafu Fundisa na Marereni. Kwa asiyezoea safari ndefu, Marereni ni mahali pa kukata safari na kulala, maana ni kama nusu ya njia. Mpate mwenyeji wako mapema kwa simu, usisubiri giza likukute barabarani.

Baada ya Marereni nyumba zinapungua na vichaka vinaongezeka. Unaingia kaunti ya Tana River. Hapa beba maji yako mwenyewe, lita nne au tano kwa kila mtu. Mabasi na malori hupita kwa kasi. Ukisikia honi nyuma yako shuka kwenye changarawe, usishindane nayo. Ukifika Tarasaa, acha lami, kata kulia kuelekea mtoni, na Ngao haiko mbali.

Ngao ni kijiji chenye historia. Wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walifika hapa mwaka 1887. Kabla yao, wamishonari wa Kimethodisti kutoka Uingereza walikuwa wameanzisha kituo Golbanti, chini zaidi ya mto. Huko ndiko John Houghton na mkewe walikouawa katika uvamizi wa mwaka 1886. Wapokomo walikuwapo kabla ya wote hao, wakilima kwa kufuata maji ya mto yanavyopanda na kushuka. Mpaka leo embe, ndizi na mpunga ndiyo maisha ya hapa.

Baiskeli nayo hapa si mchezo. Inabeba mitungi ya maji ya lita 20, mikungu ya ndizi, magunia ya embe, na wakati mwingine mgonjwa anayewahishwa hospitalini. Kwa sababu hiyo mafundi wapo, na wanajua kazi. Lakini wanazozijua ni baiskeli nzito za chuma tunazoziita Black Mamba. Kama yako ina gia nyingi na breki za mafuta, beba vipuri vyako.

Miiba na udongo

Kuna maadui wawili wa gurudumu. Wa kwanza ni mathenge. Mti huu uliletwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, ukasambaa hadi ukawa balaa kwa wafugaji na wakulima. Mwiba wake unapita tairi kama sindano. Beba tyubu mbili za akiba, viraka, gundi na pampu, na usilaze baiskeli kichakani.

Adui wa pili ni udongo mweusi wa delta. Ukiwa mkavu ni mgumu kama sakafu, unateleza juu yake kwa raha. Ukinyeshewa saa moja tu, unashika magurudumu mpaka yanagoma kuzunguka, na utabeba baiskeli iliyotakiwa ikubebe wewe. Mwenyeji akitazama mawingu akasema leo tusiende, msikilize.

Msitu wenye kivuli

Raha ya safari inaanza unapofuata vijia vya kando ya mto. Unapita chini ya miembe mikongwe, mikuyu na mikindu, kisha unatoka ghafla kwenye uwanda wazi wenye ndege wa majini wasiohesabika. Mwaka 2012 delta hii iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, hekta zaidi ya 163,000.

Misitu ya kando ya Tana, ikiwemo ile midogo ya Wema na Hewani, ndiyo makao ya mbega mwekundu wa Tana na kima wa Tana mwenye kishungi. Wanyama hawa wawili hawapatikani popote pengine duniani. Hifadhi yao ya taifa ilitangazwa mwaka 1976, juu zaidi ya mto, kati ya Garsen na Hola. Misitu hii inaishi kwa mafuriko na maji yaliyo chini ya ardhi. Tangu mabwawa ya juu ya mto yajengwe, likiwemo Masinga lililokamilika mwaka 1981, mto haufuriki tena kama zamani. Ukiongeza ukataji miti na moto wa mashamba, kivuli unachopita chini yake leo huenda mwanao asikikute.

Tahadhari ya mtoni: mamba na viboko wapo. Usinawe ukingoni mahali usipopajua, na usipite vijia vya mto jioni, wakati viboko wanatoka kula. Kuvuka ni kwa mtumbwi, na baiskeli hulazwa katikati. Mwache mwenye mtumbwi aipange mwenyewe.

Ruhusa

Sasa lile jambo moja. Vijia hivi havikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Kimoja kinakwenda shambani kwa Mpokomo, kingine ni njia ambayo ng'ombe wa Muorma hupita kufuata maji wakati wa kiangazi. Mahali vinapokutana ndipo ugomvi huzuka. Agosti 2012 kulizuka mapigano Riketa, yakafuata Chamwanamuma na Kilelengwani, na kufikia mwanzo wa 2013 zaidi ya watu mia moja walikuwa wamekufa, wakiwemo wanawake na watoto. Watu walioona hayo bado wanaishi hapa. Wakiona kundi la watu wasiowajua, wamevaa miwani na kofia ngumu, wakikatiza shamba au malisho, wana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo anza kwa chifu au wazee wa kijiji. Sema mmetoka wapi, mko wangapi, mnapita wapi. Shuka kwenye baiskeli ukikutana na mzee, msalimie. Usipige picha za watu, nyumba wala mifugo kabla ya kuomba. Ukikuta ng'ombe njiani, simama mpaka wapite, usipige kengele.

Na mwongoza njia mmoja hatoshi. Chukua wawili, Mpokomo mmoja na Muorma mmoja, uwalipe sawa. Utaambiwa hiyo ni gharama ya bure. Sivyo. Pesa ya mgeni ikiingia upande mmoja tu, umeongeza neno jipya katika ugomvi wa zamani. Ikigawanywa, kuna vijana wawili, na nyuma yao familia mbili, wenye sababu ya kutaka njia ile ibaki wazi na msitu ubaki umesimama.

Njia ya Lamu

Wengi huuliza kama wanaweza kuendelea kutoka Garsen hadi Witu na Lamu. Lami ni nzuri, lakini kwa baiskeli nasema hapana kwa sasa. Barabara hiyo imeshuhudia mashambulizi, likiwemo la basi eneo la Nyongoro tarehe 2 Januari 2020. Aliye na haja ya kufika Lamu apande gari, na aulize polisi wa Garsen hali ilivyo siku hiyo. Delta inakutosha kwa siku tatu bila kupita huko.

Kaunti inaweza kusaidia kwa mambo madogo: vibao vya njia, orodha ya vijana waliofunzwa kuongoza wageni, na bei inayojulikana ya mtumbwi. Hayahitaji hoteli wala mwekezaji kutoka mbali. Lakini hata kabla ya hayo, anayetaka kwenda anaweza kwenda Agosti hii, akiwa na maji ya kutosha, tyubu za akiba na subira ya kusalimia watu. Ngao ni ya wenyewe, na ukibisha hodi watakukaribisha.