Umeme unavyoweza kutambua virusi

WAGONJWA wengi huniuliza ni kwa nini kipimo cha haraka cha Covid-19 huweza kuonyesha kwamba mtu hana virusi, kisha siku mbili baadaye kionyeshe anavyo. Kipimo hicho hutafuta protini za virusi katika makamasi, na siku za mwanzo protini hizo huwa chache mno. Mstari wa pili hautokei, naye mtu huyo huenda kumsalimu nyanyake bila wasiwasi.

Mnamo 2020, watafiti wa Korea Kusini walijaribu njia nyingine. Walitumia utando wa grafini, yaani kaboni kama ile ya penseli, lakini wenye unene wa atomu moja tu, wakaupitishia umeme. Juu yake walibandika kingamwili zinazonasa protini za miiba ya virusi vya korona. Mwiba ukinaswa, chaji yake hubadilisha mkondo wa umeme papo hapo. Kifaa hicho kilitambua virusi katika sampuli za pua na koo za wagonjwa.

Kikwazo ni chumvi. Majimaji ya mwili yana chumvi, nayo hufunika chaji ya protini. Ikiwa mbali zaidi ya nanomita moja hivi (milimita moja ina nanomita milioni moja), utando hauihisi vyema. Kingamwili yenyewe ni ndefu kuliko hapo! Kwa hivyo mara nyingi sampuli hupunguzwa chumvi kwanza, kazi ya maabara, si ya zahanati.

Ukiwa na homa na kikohozi na kipimo kiseme huna virusi, pima tena baada ya saa 48. Nyanya atangoja.