Tyuna ya gitaa na besi: mkodishaji wa Mafia atazame betri kwanza

Kwa mfanyabiashara anayekodisha vyombo vya muziki, msimu wa harusi unaofuata Idi ndio wakati wa kurudisha fedha alizotumia mwaka mzima. Katika eneo kama Kanga, kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia (hapa tunazungumzia kijiji, si vazi la akina mama), mtu mwenye spika, kinanda cha umeme, magitaa mawili na besi moja ana mtaji usio mdogo. Hata hivyo, katika orodha ya manunuzi ya wafanyabiashara wa aina hii, kifaa kidogo kuliko vyote ndicho husahaulika, au hununuliwa mwishoni kwa chenji iliyobaki. Kifaa hicho ni tyuna, yaani chombo cha umeme kinachomwonyesha mpigaji kama uzi wa gitaa lake umekaa kwenye sauti yake, umelegea au umekazwa kupita kiasi.

Zamani wengi walifanya kazi bila kifaa hicho. Bendi za dansi za Dar es Salaam zilizosuka solo, rithimu na besi, kama DDC Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, zilijengwa na wapigaji wenye masikio makali. Udi, fidla na gitaa vinaweza kulinganishwa vyenyewe kwa vyenyewe; wote wakishuka kidogo kwa pamoja, msikilizaji hana malalamiko.

Kilichobadilisha hesabu ni kinanda. Taarabu ya kisasa iliyoshika soko miaka ya 1990, ile ya akina TOT na East African Melody, iliweka kinanda cha umeme mbele, na gitaa na besi zikakaa pembeni yake. Kinanda hakikazwi wala kulegezwa jukwaani kwa kumfuata mpiga gitaa. Kwa kawaida hutoka kiwandani kikiwa kimewekwa kwenye A ya mitetemo 440 kwa sekunde, kiwango ambacho Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, lilikipitisha mwaka 1955 na kukithibitisha tena mwaka 1975. Chombo chochote chenye nyuzi kinachopigwa kando yake hakina budi kukifuata. Kisipofuata, wageni hawatajua kosa liko wapi, lakini watajua muziki ni mbaya, na mwenye harusi atalikumbuka hilo wakati wa kumalizia malipo.

Soko la tyuna kwa sasa lina aina tatu zinazomhusu msomaji. Ya kwanza ni ile ya kubana, iliyo kama kibanio cha nguo, inayoshikizwa kwenye kichwa cha gitaa na kusoma mtikisiko wa mbao. Ya pili ni ya kukanyaga, pedali ya chuma inayochomekwa waya wa gitaa. Ya tatu ni programu ya simu, ambayo nyingi hupatikana bure. Zipo pia za mkononi zenye kipaza sauti. Kampuni ya Korg ya Japani ilitoa ya kwanza ya aina hiyo yenye mshale, WT-10, mwaka 1975, na Boss wakafuata na TU-12 mwaka 1983. Leo nafasi yake imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na hizo tatu.

Kabla ya bei, mnunuzi aelewe kipimo kinachoandikwa kwenye boksi. Nusu toni moja, yaani hatua ya kutoka freti moja hadi inayofuata, hugawanywa katika senti 100. Senti hizi, tofauti na zile za shilingi ambazo hakuna anayezidai tena dukani, bado zina thamani yake. Kosa la senti tano au sita wasikilizaji wengi hawalitambui noti ikipigwa peke yake. Vyombo viwili vikiishika noti hiyo kwa pamoja, sauti huanza kuyumba, na hapo hata asiyejua muziki hugeuka kutazama. Tyuna inayoandikwa usahihi wa senti moja juu au chini inatosha kabisa kwa kazi ya jukwaani. Zipo za sehemu ya kumi ya senti. Hizo ziachiwe studio na mafundi wa kutengeneza magitaa.

BESI NDIYO MTIHANI

Makosa mengi ya ununuzi hutokana na kudhani kwamba tyuna inayosoma gitaa vizuri itasoma na besi vilevile. Hesabu inakataa. Nyuzi za gitaa, kuanzia mnene, ni E, A, D, G, B na E, na mitetemo yake huanza 82.4 kwa sekunde hadi 329.6. Besi ya nyuzi nne hutumia E, A, D na G, lakini oktavu moja chini: uzi wake mnene hutetemeka mara 41.2 tu kwa sekunde. Besi ya nyuzi tano huongeza B ya mitetemo 30.9.

Mtetemo mmoja wa E ya besi huchukua kama milisekunde 24. Ule wa uzi mwembamba wa gitaa huchukua tatu tu. Kifaa kinachohitaji kuhesabu mitetemo kadhaa kabla ya kutoa jibu lazima kisubiri mara nane zaidi kwenye besi. Tyuna ya bei ya chini huonyesha udhaifu wake papo hapo: taa inarukaruka, inaonyesha E, kisha B, kisha haionyeshi kitu. Ile ya kubana ina tatizo la nyongeza, kwani kichwa cha besi ni kizito na noti ya chini huitikisa mbao kidogo, hivyo kifaa husoma sauti za juu zilizomo ndani ya noti badala ya noti yenyewe. Simu nayo hukwama hapo, maana kipaza sauti chake kimetengenezwa kwa ajili ya maongezi, si kwa mngurumo wa besi, tena katikati ya ua lenye watoto, jenereta na vyungu vya pilau.

Mwenye tyuna dhaifu ana njia moja ya kujisaidia bila gharama. Aguse uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12, bila kuubonyeza, kisha aupige. Sauti itakayotoka ni ya oktavu moja juu, mitetemo 82.4 kwa E, ambayo hata kifaa cha kawaida hukisoma. Njia hii hutumiwa na wapiga besi wazoefu, lakini haifai kuwa hoja ya muuzaji kumpakulia mteja bidhaa isiyomfaa.

Kwa besi, pedali ndiyo chaguo lenye uhakika, kwa sababu huchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye waya na kelele za ua haziifikii. Boss TU-2 iliingia sokoni mwaka 1998 na kurithiwa na TU-3 mwaka 2010. Hii ya pili hupima kuanzia mitetemo 16 kwa sekunde, chini kabisa ya uzi wowote wa besi. Ikikanyagwa hukata sauti isifike kwenye spika, hivyo mpigaji hurekebisha nyuzi zake wakati MC anazungumza bila mtu kusikia. Bei yake Marekani imekuwa ikizunguka Dola 100 na zaidi kidogo, wakati ya kubana ya kawaida huuzwa kwa chini ya Dola 20. Tofauti hiyo si ndogo, ila pedali ni chuma na haina mdomo wa plastiki wa kuvunjika.

GHARAMA ISIYOANDIKWA KWENYE BOKSI

Mzigo wa kwenda Kanga hutoka Dar es Salaam, ukateremka hadi Nyamisati, ukavuka kwa boti hadi Kilindoni, kisha ukapanda barabara kuelekea kaskazini. Kila kinachohitaji kubadilishwa mara kwa mara hubeba safari hiyo mgongoni. Tyuna nyingi za kubana hutumia betri bapa kama sarafu, yenye namba CR2032. Mjini betri hiyo haina shida. Kijijini duka litakuwa na betri za tochi na za rimoti, lakini hiyo bapa usiitegemee.

Tuchukue hesabu ya mfano tu, si bei za soko la leo. Tyuna ya kubana imenunuliwa kwa Sh 20,000, na betri yake ni Sh 2,500. Kwa kuwa inakodishwa, hakuna anayekumbuka kuizima, na betri hudumu mwezi. Kwa miaka miwili betri peke yake zitakuwa zimekula Sh 60,000, mara tatu ya bei ya kifaa. Nyingine ya kuchaji kwa waya wa simu, hata ikiwa Sh 45,000, itakuwa imeokoa Sh 35,000 katika kipindi hicho, na hiyo ni kabla ya kuhesabu harusi moja iliyoharibika kwa kukosa betri ya Sh 2,500. Anayechaji simu kwa sola atachaji na tyuna.

Ya kuchaji ina kasoro yake, nayo tuiseme. Betri iliyofungiwa ndani huchoka baada ya miaka, na ikichoka mara nyingi kifaa chote hutupwa. Kwenye vitabu, mkodishaji aihesabu kama kifaa cha miaka michache na kuiondoa thamani yake taratibu, asiihesabu kama mali ya kudumu.

Pedali hutumia betri ya mraba ya volti 9, au adapta ya volti 9. Anayenunua pedali anunue na adapta siku hiyo hiyo, na ahakikishe alama ya hasi iko katikati ya kichomekeo, kama ilivyo kwa pedali nyingi. Adapta iliyogeuzwa inaweza kuua kifaa siku ya kwanza.

Jambo la kioo nalo lisipuuzwe. Shughuli nyingi za harusi huanza mchana, na kioo chenye rangi za kupendeza ndani ya duka la Kariakoo huweza kutoonekana kabisa chini ya jua la saa tisa. Mnunuzi atoke nacho hadi mlangoni akakitazame juani kabla ya kufungua pochi. Muuzaji akikataa kitoke kaunta, duka la pili haliko mbali.

KWA MWENYE DUKA

Mfanyabiashara wa Kilindoni au Kirongwe anayefikiria kuziweka tyuna dukani asianze kwa kununua dazeni. Wapigaji ni wachache na kila mmoja atanunua moja kwa miaka kadhaa. Huo ni mtaji utakaolala. Kinachozunguka ni nyuzi. Upepo wa bahari una chumvi, na uzi wa chuma uliopata kutu haushiki sauti, hata ukipimwa na tyuna ya gharama gani. Tyuna mbili tatu zikining'inia karibu na seti za nyuzi za gitaa na besi zitauza nyuzi kuliko zitakavyojiuza zenyewe, kwa sababu mteja atakapoona mshale hautulii atajua nyuzi zake zimekwisha.

Kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaitangazi. Tyuna humlinda mnunuzi wa magitaa yaliyotumika. Uzi wa wazi ukiwekwa sawasawa, kisha ukibonyezwa kwenye freti ya 12, unapaswa kutoa noti ile ile oktavu moja juu. Ukizidi kwa senti chache, fundi atasogeza nyuma kidogo kipande kinachobeba uzi kwenye daraja. Ukizidi kwa senti 20 au 30 na daraja halina nafasi tena ya kusogea, huenda shingo imepinda au daraja halikuwekwa mahali pake, na bei ishuke au mnunuzi aondoke. Kwa mtu anayejenga seti ya kukodisha kwa vyombo vya mkono wa pili, kipimo hicho kimoja kinaweza kurudisha bei ya tyuna mara kadhaa.

Nakala za majina makubwa nazo zipo sokoni, zenye boksi zuri na maandishi yaliyokosewa herufi. Njia ya kuzibaini si kusoma boksi. Beba besi yenyewe dukani, piga uzi wa E ukiwa wazi, na uhesabu: jibu lisipotulia ndani ya sekunde mbili au tatu, kifaa hicho ni cha gitaa tu, jina lolote lililoandikwa juu yake. Kisha tazama namba ndogo kwenye kona ya kioo. Iwe 440. Tyuna nyingi zina kitufe cha kubadilisha namba hiyo, na kidole kikiigusa ikawa 442, chombo kizima kitapanda karibu senti nane juu ya kinanda huku taa ya kijani ikiwaka kwa furaha. Mkodishaji aiandike namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito kwenye boksi la vyombo, ndani ya kifuniko, mahali ambapo mpigaji wa usiku huo ataiona kabla hajachomeka waya.