Vicheza Muziki vya Hali ya Juu na Suala la Sauti Iliyopotea

Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza namna vicheza muziki vya kidijitali vya hali ya juu vinavyofanya kazi, na kubainisha yale ambayo vyombo hivyo vinaweza na yale visivyoweza kumtendea msomi wa fasihi simulizi. Huenda msomaji akajiuliza: mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili na mitambo ya muziki wapi na wapi? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya fasihi yetu huishi katika sauti kabla haijaingia katika maandishi. Anayeishughulikia fasihi hiyo hana budi kujua sauti huhifadhiwaje, na hupotelea wapi.

Mnamo mwaka wa 2019, nikiwa bado katika shahada ya kwanza, nilimrekodi bibi mmoja mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa, akiimba bembezi. Nilitumia simu ya rununu ya bei nafuu. Bibi huyo sasa ametangulia mbele ya haki. Nilipoanza kuzinakili nyimbo zake kwa ajili ya tasnifu ya uzamili, nilikwama kwenye neno moja. Katika wimbo mmojawapo, mtoto anaitwa ama thamani ya nyumba ama samani ya nyumba. Maana zote mbili zinakubalika: mtoto ndiye anayeipa nyumba thamani, na mtoto ndiye pambo linaloijaza nyumba. Hata hivyo, hizo ni sitiari mbili tofauti, na mhakiki hawezi kuzichambua kwa mkupuo mmoja kana kwamba ni kitu kimoja. Mwenyeji wa Mvita hutofautisha vyema kati ya th na s. Tatizo halikuwa kwa bibi, bali kwa rekodi.

Sahibu yangu mmoja, mpenzi wa taarabu afanyaye kazi katika nchi za Ghuba, alikuwa amerejea likizoni na kicheza muziki cha bei ghali. Nilimwendea nikiwa na matumaini makubwa kwamba chombo hicho kingenifichulia neno la bibi. Makala haya yametokana na jibu nililolipata.

Chombo chenyewe

Kusikiliza muziki huku mtu akitembea si jambo geni. Kampuni ya Sony ya Japani iliuza Walkman ya kwanza, iliyotumia kanda za kaseti, mnamo mwaka wa 1979. Mwaka wa 2001 kampuni ya Apple ya Marekani ilizindua iPod, iliyohifadhi mamia ya nyimbo katika diski ndogo. Baadaye simu za rununu zilichukua kazi hiyo, na mwaka wa 2022 Apple ilitangaza kusitisha iPod. Mtu angedhani basi kwamba vicheza muziki vimekufa. La hasha! Kuna kundi la wasikilizaji wanaoamini kwamba simu haiutendei muziki haki, nao ndio wanaotengenezewa vyombo tunavyovijadili. Mwaka wa 2012 kampuni ya iriver ya Korea Kusini ilitoa chombo kiitwacho AK100 kwa chapa ya Astell&Kern. Mwaka wa 2016, katika maonyesho ya mjini Berlin, Sony nayo ilitangaza NW-WM1Z.

Chombo hiki cha pili chafaa kuwa mfano wetu. Kiunzi chake ni cha shaba iliyopakwa dhahabu. Uzani wake ni takriban gramu 455, nusu kilo kasoro kidogo. Hifadhi yake ni gigabaiti 256, na bei yake kilipoingia sokoni Marekani ilikuwa takriban dola 3,200. Kwa mujibu wa watengenezaji, shaba iliteuliwa kwa kuwa hupitisha umeme kwa urahisi, hivyo kusaidia kupunguza uchafu wa umeme unaoweza kuingia katika sauti.

Tukiiweka dhahabu kando, chombo cha aina hii hufanya kazi tatu. Kwanza, huhifadhi muziki ukiwa nambari. Pili, huzigeuza nambari hizo kuwa mawimbi ya umeme. Tatu, huyatia mawimbi hayo nguvu ya kutosha kuvitetemesha visikizi vilivyo masikioni. Katika vyombo vingi kazi ya pili na ya tatu hufanywa na sehemu mbili mbalimbali, yaani kigeuzi na kikuza sauti. Katika NW-WM1Z zimeunganishwa pamoja. Simu ya rununu pia huweza kufanya kazi hizi tatu, lakini ndani yake sehemu hizo hubanana na mitambo ya mawasiliano na ya kioo. Katika kicheza muziki cha hali ya juu, sauti ndiyo mwenye nyumba.

Sauti hugeuzwaje kuwa nambari?

Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde moja. Ili kuigeuza sauti kuwa nambari, kinasa sauti huupima mtetemo mara nyingi sana kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Kanuni inayotawala shughuli hii ilichipuka katika kazi ya Harry Nyquist ya mwaka wa 1928, ikafafanuliwa kikamilifu na Claude Shannon mwaka wa 1949. Kwa lugha nyepesi, kanuni yasema hivi: idadi ya sampuli kwa sekunde sharti izidi maradufu ya mitetemo ya juu kabisa unayotaka kuihifadhi.

Ndiposa diski ya CD, iliyoingia sokoni mwaka wa 1982, ikatumia sampuli 44,100 kwa sekunde. Idadi hiyo yatosha kuhifadhi mitetemo yote isikikayo na binadamu. Kila sampuli ya CD huandikwa kwa biti 16, yaani ngazi 65,536 kutoka ukimya hadi kelele kubwa. Rekodi ziitwazo za ubora wa juu hutumia biti 24, zenye ngazi 16,777,216, na sampuli 96,000 au hata 192,000 kwa sekunde. Faili za namna hii ndizo zinazowavutia wanunuzi wa vyombo vya kifahari.

Nambari hizo hula nafasi kubwa. Wimbo wa dakika 3 katika ubora wa CD huchukua takriban megabaiti 32. Kwa sababu hiyo palibuniwa mbinu za kuubana muziki. Iliyo maarufu zaidi ni MP3, ambayo Karlheinz Brandenburg na wenzake wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani walitoa mchango mkubwa katika kuibuni. Mbinu hii hutegemea udhaifu wa sikio: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo, hivyo ile ndogo yaweza kutupwa bila msikilizaji kung'amua. Faili ya MP3 ya kiwango cha biti 128,000 kwa sekunde huwa takriban sehemu moja ya kumi na moja ya faili ya CD.

Hapa pana jambo linalomhusu moja kwa moja mwanafunzi wa fasihi simulizi. Brandenburg aliutumia wimbo wa Suzanne Vega uitwao Tom's Diner kuijaribu mbinu yake. Mwimbaji huyo anaimba peke yake bila ala yoyote, na ilidhihirika kwamba sauti tupu ya binadamu ni vigumu kuibana pasi na kuiharibu, kwa kuwa hakuna ngoma wala kinanda cha kuzificha kasoro. Je, bembezi si sauti tupu ya binadamu, tena ya chini?

Ipo pia mbinu ya kubana isiyotupa chochote, kama vile FLAC iliyotolewa mwaka wa 2001. Hii hulifunga furushi vizuri zaidi tu. Ukilifungua, utavikuta vitu vyote.

Je, sikio huitambua tofauti?

Wapinzani wa vyombo vya kifahari hudai kwamba mnunuzi hulipia majivuno. Wanayo hoja. Mwaka wa 2007 E. Brad Meyer na David R. Moran walichapisha utafiti ambamo wasikilizaji walilinganisha rekodi za ubora wa juu na rekodi hizohizo zilizopitishwa katika kiwango cha CD. Majibu sahihi yalikuwa takriban nusu, sawa na mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu. Kwa upande wa pili, mwaka wa 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi akaona kwamba tofauti hutambulika, ingawa kwa kiasi kidogo, na kwamba waliopata mafunzo huitambua vyema zaidi.

Maoni yetu ni kwamba pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja la msingi: tofauti kati ya CD na ubora wa juu, ikiwapo, ni ndogo mno. Tofauti kubwa hutokea mapema zaidi, pale sauti inapotoka kinywani na kuingia katika kinasa sauti.

Neno la bibi

Sasa turejee kwenye bembezi. Simu niliyoitumia ilihifadhi sauti katika mfumo wa AMR, uliobuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Mfumo huo katika umbo lake la kawaida huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde. Kwa kanuni tuliyoitaja, rekodi ya aina hiyo haiwezi kuwa na mitetemo inayozidi 4,000 kwa sekunde. Ilhali sehemu kubwa ya mvumo unaoitambulisha s, na kuitenga na th, iko juu ya kiwango hicho! Mtu hutambua samani na thamani, au zana na dhana, kwa msaada wa kile hasa ambacho simu yangu ilikitupa.

Niliigeuza faili kwa tarakilishi ili chombo cha sahibu yangu kiweze kuisoma, nikavaa visikizi. Nakiri kwamba nilisikia mengi nisiyoyasikia awali: pumzi za bibi kati ya mishororo, na mlango uliofungwa taratibu chumba cha pili. Neno lenyewe, hata hivyo, lilibaki katika ukungu. Chombo kilikuwa kinanisomea kwa uaminifu mkubwa ukurasa uliokwisha kuchanwa.

Baadhi ya vyombo hivi vina nyenzo ya kujaribu kurejesha mitetemo iliyopotea. NW-WM1Z, kwa mfano, ina nyenzo iitwayo DSEE HX. Nyenzo ya namna hii huichunguza sauti iliyosalia, kisha hukisia kilichokuwapo na kukijaliza. Sahibu yangu aliiwasha nyenzo kama hiyo katika chombo chake. Sauti ilipata ukali mpya, na kwa muda nikaanza kusadiki kwamba nimesikia samani. Nikajizuia. Ukali ule haukutoka kinywani mwa bibi. Ulibuniwa na mtambo. Kwa mstarehe, makisio hayo ni burudani halali. Kwa mtafiti, ni sawa na mnakili wa mswada wa kale anayejaza kwa wino wake neno lililoliwa na mchwa, asiseme kwamba amelijaza.

Hali si tofauti kwa rekodi za magwiji wetu. Siti binti Saad alirekodiwa mjini Bombay mwaka wa 1928 kwa chapa ya His Master's Voice, katika santuri ambazo upande mmoja ulitosha dakika 3 hivi. Kuzinakili santuri hizo kwa biti 24 ni jambo la busara, kwani kila kilichomo katika mfuo hubaki salama hadi zitakapopatikana mbinu bora za kuisafisha mikwaruzo. Lakini hakuna chombo, hata kingepakwa dhahabu ndani na nje, kitakachotusikizisha kile ambacho mfuo wa 1928 haukukichukua.

Funzo kwa mtafiti

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, mwanafunzi mwenye fedha kidogo azielekeze kwenye kinasa sauti na maikrofoni, si kwenye chombo cha kusikilizia. Pili, arekodi katika mfumo usiobanwa, kama WAV. Mwongozo TC-04 wa shirika la kimataifa la hifadhi za sauti, IASA, unapendekeza sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde na biti 24. Hata kiwango cha CD kwa maikrofoni moja huchukua takriban megabaiti 318 tu kwa saa, hivyo kadi ya gigabaiti 32 hutosha saa 100 hivi. Kisingizio cha kukosa nafasi hakipo tena. Tatu, maikrofoni iwe karibu na mwimbaji, na nakala zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja.

Nne, na hili ndilo kuu, mtafiti ayanakili maneno mapema, kisha arudi kwa fanani amsomee na kumwuliza. Swali langu lilihitaji dakika moja tu ya bibi. Kati ya 2019 na siku ya mazishi yake nilipita mtaani kwake mara nyingi, faili ikiwa mfukoni, sijaisikiliza.

Hitimisho

Makala yameeleza kwamba kicheza muziki cha hali ya juu ni msomaji hodari wa kilichoandikwa, wala si mwandishi wa kilichosahauliwa. Anayekimudu na akistarehekee. Katika tasnifu yangu nimeliandika neno la bibi kwa sura zote mbili, thamani na samani, na kueleza katika tanbihi kwamba kosa la kutojua ni langu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Walisema pia uwahi udongo ungali maji, na kwa wenzangu ambao mafanani wao wangali hai, usemi huu wa pili ndio wa kuzingatiwa.