Samasoti ya Mbeni: Mzunguko Huanzia Ardhini

Mbeni ni ngoma ya vijana wa Kikamba, wenyeji wa Kitui na Makueni, na sifa yake ni mdundo wa kasi na sarakasi. Kwa anayeanza sarakasi za aina hii, kigumu zaidi ni samasoti ya nyuma: huruka wima, hupinduka kinyumenyume bila kugusa chini kwa mikono, kisha hutua kwa miguu.

Kitovu cha uzito wa mwili kikipanda sentimita 45, mrukaji hukaa hewani sekunde 0.6 tu. Huko juu hana pa kujisukumia, hivyo msukumo wa kuzunguka huupata miguu ikiwa bado ardhini. Kinachobaki ni kujikunja. Magoti yakivutwa kifuani, uzito husogea karibu na mhimili wa mzunguko, na kasi ya kupinduka huongezeka zaidi ya maradufu. Akijikunjua, kasi hupungua, naye hutua.

Hofu humfanya mwanafunzi arushe kichwa nyuma mapema. Mwili hulala kabla haujapaa, kimo hupungua, na muda wa kuzunguka humwishia. Kwa hiyo mkufunzi humtaka atazame mbele na ainue mikono hadi usawa wa masikio, ndipo ajikunje.

Mazoezi huenda kwa ngazi: kubiringika, kusimama kwa mikono, kuruka wima na kujikunja, kisha kupinduka katikati ya wasaidizi wawili. Kila msaidizi huweka mkono mmoja kiunoni kwa nyuma na mwingine nyuma ya paja. Mkono wa kiunoni hubeba uzito bila kuzuia mzunguko.

Mchanga mkavu wa mito ya msimu, kama Tiva kule Kitui au Kaiti kule Makueni, hufaa kwa kutua. Anayeshuka mita 1 hufika chini kwa mwendo wa mita 4.4 kwa sekunde. Mwendo huo ukizimwa ndani ya sentimita 20 badala ya 5, mshtuko hupungua hadi takriban robo. Mchanga uliolowa hushikamana ukawa mgumu, na faida hiyo hupotea.

Mwanafunzi akiwa bado mtoto, tahadhari zaidi inahitajika: mifupa ya watoto ina gegedu la ukuaji karibu na ncha zake, ambalo huumia upesi kwa kugongwa mara kwa mara. Maumivu ya kifundo cha mkono yasiyoisha ni sababu ya kusimamisha mazoezi ya mikono na kumwona daktari.

Wasaidizi hupunguza nguvu kidogo kidogo. Mwanafunzi huhamia ardhi ngumu baada ya kutua wima mara kadhaa mfululizo bila kushikwa.