Mavuno Yafika Jijini: Furaha ya Mahindi Mapya na Tahadhari ya Gunia la Kuweka

Nairobi haina mashamba makubwa, lakini msimu wa mavuno inao. Huanza kuonekana wakati mahindi mabichi yanapojaa kwenye majiko ya makaa kando ya Barabara ya Ngong na Waiyaki Way, kisha hushika kasi kuanzia Oktoba hadi Desemba, malori ya mahindi makavu yanapoteremka kutoka Trans Nzoia na Uasin Gishu. Bei hushuka na familia nyingi huchanga pesa kununua gunia zima la kuweka nyumbani. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mahindi yanayouzwa rahisi zaidi mara nyingi ndiyo ambayo hayajakauka.

Sherehe kubwa ya msimu huu jijini ni Maonyesho ya Kimataifa ya Biashara ya Nairobi, ambayo wakaazi wengi bado huyaita Shoo. Hufanyika katika uwanja wa Jamhuri, kando ya Barabara ya Ngong, mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, baada ya yale ya Mombasa. Chama cha Kilimo cha Kenya (ASK), kinachoyaandaa, kilianzishwa mwaka wa 1901, enzi za walowezi. Leo anayejaza uwanja ni mwanafunzi aliyeletwa kwa basi la shule, pamoja na mkulima wa robo ekari anayetaka kujua kwa nini nyanya zake zinanyauka.

Jambo ambalo wageni wengi hupita bila kuliona ni vishamba vya maonyesho. Mahindi, maharagwe, sukuma wiki na nyasi za mifugo hupandwa hapo miezi kadhaa mapema ili siku ya Shoo yawe yamekomaa. Anayefika asubuhi siku za katikati ya wiki, kabla ya umati wa wikendi, hupata nafasi ya kumuuliza mtaalamu maswali hadi aridhike. Hiyo ina faida kuliko kuzunguka vibanda vya peremende.

Upande wa magharibi wa jiji mavuno si jambo la kuonyeshwa tu. Waithaka, Mutuini na Ruthimitu bado zina vipande vya mashamba nyuma ya nyumba za kupangisha, vyenye nduma, viazi vitamu, managu na ng'ombe wawili watatu wa maziwa. Kilimo hiki kinatambuliwa na sheria ya kaunti ya mwaka wa 2015 kuhusu kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Makanisa mengi ya huko hufanya ibada ya mavuno, na baada ya ibada mazao hupigwa mnada. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa mara nne kabla hajafika nyumbani kwa mtu, kwani kila anayemnunua humrudisha auzwe tena. Jikoni, huu ni wakati wa mukimo wa mahindi mabichi, viazi, minji na majani ya malenge, na wa githeri ya maharagwe mapya ambayo huiva upesi na kupunguza gharama ya makaa.

Mahindi mabichi hayana shida kubwa, kwa kuwa huliwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Shida ni ya makavu. Katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, mahindi yaliyopandwa Machi na Aprili huvunwa kuanzia Oktoba, wakati uleule mvua za vuli zinapoanza. Mkulima anayehitaji karo au pesa za mbolea hawezi kungoja jua. Huuza mahindi yakiwa na unyevu wa asilimia 18 au zaidi, ilhali kiwango kinachokubalika cha kuhifadhi ni asilimia 13.5. Mfanyabiashara naye hupenda mahindi mazito, kwa kuwa mizani haitofautishi maji na nafaka.

Gunia kama hilo likiwekwa kwenye sakafu ya saruji katika chumba kimoja Kawangware au Kangemi, ambamo watu hupika na kulala, joto na mvuke huliamsha kuvu. Baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu, ambayo wengi huijua kwa jina la aflatoksini. Sumu hii haionekani wala hainuki. Kuvu chenyewe kinaweza kuonekana, cha rangi ya kijani au manjano, lakini punje iliyosafishwa ikang'aa huenda bado ina sumu ndani. Kuchemsha ugali au githeri hakuiondoi. Kukoboa hupunguza kiasi, ila si tiba.

Kenya inaijua hatari hii kwa gharama kubwa. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yao wenyewe yaliyohifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu. Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilisimamisha uuzaji wa chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Lakini unga wa dukani angalau una mtu wa kuupima. Gunia lililonunuliwa Nyamakima au Gikomba, au lililotumwa na shangazi kutoka Kitale kwa basi la usiku, halina mpimaji mwingine ila mwenyewe.

Kupima si kazi ngumu. Chukua chupa ya glasi iliyo kavu kabisa, tia gao la mahindi na chumvi kavu vijiko viwili, ufunge, kisha utikise kwa dakika chache na uache itulie. Chumvi ikinata kwenye glasi, mahindi bado ni mabichi kwa kuhifadhiwa. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi, na siku moja au mbili za jua kali zinaweza kumalizia. Muuzaji asikasirike mteja akija na chupa yake. Punje zichukuliwe katikati na chini ya gunia, si juu tu, maana juu ndipo hupangwa mazuri.

Mahindi yakihitaji kuanikwa, yaanikwe juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo au ukingo wa lami, na yaingizwe ndani kabla ya umande wa jioni. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi geni zitolewe kwa mkono, kazi ya kuchosha ambayo hupunguza sumu kuliko watu wanavyodhani. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali na jiko. Mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo hufanya kazi nzuri dhidi ya dumuzi, mradi mahindi yameshakauka. Kutia mahindi yenye maji ndani ya mfuko huo na kuufunga ni kuharibu vyote viwili. Familia isiyo na nafasi afadhali inunue kwa gorogoro kila wiki. Kile ambacho gunia linaokoa kwa bei hupotea lote likioza nusu.

Swali linaloulizwa sana Dagoretti ni la mahindi yaliyokwisha kuharibika: je, apewe ng'ombe? Hapana. Sumukuvu hupita kutoka kwa chakula cha ng'ombe hadi kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo anayonyweshwa mtoto asubuhi. Kuku huathirika hata zaidi, hasa vifaranga. Kuyapeleka kwa mpikaji wa busaa nako ni kuihamisha sumu kutoka sufuria moja hadi nyingine. Mahindi hayo yafukiwe au yachomwe, ingawa inauma kuona chakula kilichonunuliwa kikienda shimoni.

Dalili za sumu nyingi kwa mara moja ni kutapika, maumivu na kuvimba kwa tumbo, macho kuwa ya manjano na mkojo mweusi. Watoto hudhoofika mapema. Inapotokea hivyo kwa zaidi ya mtu mmoja katika nyumba iliyokula chakula kimoja, wote wapelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mahindi au unga uliobaki usitupwe bali uwekwe kando kwa ajili ya afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, ili upimwe na majirani walionunua kwa muuzaji huyo huyo wajulishwe.