JE, MTOTO WAKO ANACHEZEA WAPI?



Siku moja, saa kumi na moja jioni, simama pale senta yenu uangalie. Watoto wametoka shule. Mpira wao wa makaratasi na kamba wanaupigia wapi? Mara nyingi ni kando ya barabara, pale pale pikipiki na matatu zinapopita mbio. Wazee nao wameketi wapi? Kwenye baraza la duka la mtu, na wasiponunua kitu wanaangaliwa vibaya.

Tukisikia habari ya bustani ya umma, wengi wetu tunafikiria Nairobi. Tunasema ati hayo ni mambo ya mjini. Lakini bustani ya umma ni nini hasa? Ni mahali pa wote, pasipo kiingilio, penye kivuli, pa kuketi na pa kucheza. Hata robo ekari yenye miti minne mizuri ni mwanzo. Jambo kubwa ni hili: iwe karibu na nyumbani.

KARIBU NI WAPI?

Mwaka wa 2015 mataifa yalikubaliana katika Umoja wa Mataifa kwamba kufikia 2030 kila mtu awe na mahali pa wazi pa umma, penye usalama na miti, hasa akina mama, watoto, wazee na walemavu. Wanaopima jambo hili hutumia mita 400 za kutembea. Mtu mzima mwenye nguvu huzimaliza kwa dakika tano hivi. Nyanya mwenye bakora atachukua kumi au zaidi.

Mita hizi si za ndege anayeruka. Ni za njia yenyewe. Kama kuna mto usio na daraja katikati, uwanja huo uko mbali hata kama unauona kwa macho.

Kwa nini iwe karibu hivyo? Kwanza, mama hatamruhusu mtoto wa miaka sita avuke barabara kuu peke yake. Pili, na hili wengi hawalifikirii, uwanja ulio karibu una walinzi. Kila siku kuna macho juu yake. Uwanja wa mbali hauna mtu wa kuuangalia, na ardhi isiyoangaliwa huliwa.

TUMEJIFUNZA NINI?

Mwaka wa 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai aliandika barua ofisi baada ya ofisi kuupinga. Alitukanwa na kudharauliwa, lakini hakunyamaza. Mwishowe mpango ule uliachwa, na watu wakabaki na bustani yao.

Mwaka wa 2004 Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ardhi ya umma, ilitoa ripoti yake. Kumbe walionyang'anywa hawakuwa watu wa Nairobi peke yao. Viwanja vya michezo, ardhi za shule, za masoko, za barabara, hata za makaburi, vilikuwa vimegawanywa kinyume cha sheria pande nyingi za nchi.

Halafu Januari 2015, watoto wa shule moja ya msingi kule Lang'ata walirudi shuleni wakakuta ukuta umejengwa kuzunguka uwanja wao. Waliusukuma wakishirikiana na wakubwa waliokuja kuwatetea, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Nchi nzima ilishtuka, na uwanja ukarudishwa kwa shule. Watoto hawapaswi kutumwa kupigania ardhi. Hiyo ni kazi yetu sisi wazazi. Lakini tuone jambo moja: ukuta ule ulitambuliwa mara moja kwa sababu uwanja ulikuwa unatumiwa.

KIKUNDI CHENU KIFANYE NINI?

1. Pimeni kwa miguu. Chagueni watu watatu: mtoto, mzee, na mama aliyebeba mzigo. Watoke nyumba iliyo mbali zaidi waende hadi mahali pa wazi palipo karibu nao. Andikeni dakika walizotumia na vizuizi walivyokuta. Kisha choreni ramani ya kijiji.

2. Ulizeni ardhi ni ya nani. Msipande hata mti mmoja kabla ya kujua. Katiba ya 2010 inasema kuna ardhi ya umma, ya jamii na ya kibinafsi. Ardhi ya umma haiwezi kugawanywa na chifu au mwakilishi wa wadi kwa mdomo tu. Andikieni ofisi ya ardhi ya kaunti barua, mkiomba kuona ramani na rekodi ya kiwanja hicho. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri siku mliyoipeleka. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mwananchi akiomba habari iliyo katika ofisi ya umma anatakiwa kujibiwa kabla ya siku 21 kwisha. Kama uwanja ni wa shule au wa kanisa, fanyeni mapatano ya maandishi na kamati yao, mkitaja siku na saa za wanakijiji kuutumia.

3. Wekeni mpaka unaoonekana. Mpima ardhi akishaonyesha mawe ya mpaka, pandeni ua wa kaiyaba. Acheni mwanya mpana, ili kiti cha magurudumu kipite bila taabu.

4. Kivuli kwanza, maua baadaye. Chimbeni mashimo mapema ili mvua ikianza mpande mara moja. Chagueni miti ya kwenu yenye majani mengi. Mikaratusi msiipande karibu na chemchemi, kwa maana inakunywa maji mengi. Zungushieni kila mche miiba, la sivyo mbuzi watamaliza kazi yenu kwa siku moja. Kila mche uwe na mtu wake wa kuutunza.

5. Utumieni. Mkutano wa kikundi ufanyike hapo, na baraza la chifu pia. Wasichana nao wawe na siku yao ya mpira, si wavulana peke yao kila jioni.

6. Ingizeni jambo hili katika mpango wa kaunti. Kila miaka mitano kaunti huandika mpango wake wa maendeleo, na wananchi huitwa kutoa maoni. Msiende mikono mitupu. Nendeni na ile ramani yenu.

NANI ATATUNZA?

Tuangalie Dandora, Nairobi. Mtaa huu ulianza kujengwa miaka ya 1970, na nyumba nyingi zimezunguka viwanja vidogo vya wazi. Baadaye viwanja vingi viligeuka jaa la takataka. Katika miaka ya 2010 vijana walianza kuvisafisha, wakapanda nyasi na miti, wakatengeneza mahali pa watoto kuchezea. Wenye nyumba huchanga pesa kidogo, na vijana hupata riziki kwa kulinda na kuosha magari. Bustani yao iko mlangoni kabisa, basi uchafu ukirudi, kila mtu anauona.

ONYO

Mnyakuzi si lazima atoke mbali. Mara nyingine ni mmoja wetu katika kamati. Anaomba kuweka kibanda kimoja, "kwa muda tu." Mwaka wa pili vibanda ni sita, na mtoto amerudi barabarani na mpira wake. Katika sheria za kikundi andikeni wazi kwamba hakuna mwanachama atakayejenga wala kukodisha sehemu ya uwanja. Na kitabu cha mikutano kisikae kwa mwenyekiti peke yake.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kijijini kwetu ni nyumba gani iko mbali zaidi na uwanja wa wote? Kinachowazuia wa huko ni nini?
2. Ni mahali gani pa wazi tulipochezea tukiwa watoto ambapo leo hapapo tena? Palikwenda wapi?
3. Nani atapeleka barua ofisi ya ardhi, na siku gani?

Msiondoke mkutanoni kabla ya kujibu swali la tatu.